Kuhamisha Tangi la Matumbawe, na Kulivusha Umeme Unapokatika

Mwezi uliopita nilimsaidia shemeji yangu kuhamisha tangi lake la matumbawe kutoka Nyali, Mombasa, hadi Mtwapa. Tangi hilo lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45, yaani lita 240 hivi likijaa, na ndani yake mlikuwamo samaki aina ya kangaja mmoja na klauni wawili, kamba wasafishaji, konokono, na vipande kumi na vitatu vya matumbawe laini na magumu. Hakufa hata mmoja. Miaka sita iliyopita nilihama mimi mwenyewe na tangi linalokaribia ukubwa huo, nikapoteza samaki wote isipokuwa mmoja kwa usiku mmoja, kwa kosa nitakalolieleza kwa urefu katika hatua ya sita kwa kuwa naona watu bado wanalifanya.

Nimeweka kuhama na kukatika kwa umeme katika mwongozo mmoja kwa sababu kwa samaki mambo haya hayana tofauti: pampu husimama, uso wa maji hutulia, na oksijeni huanza kupungua. Nachukulia kwamba tayari unajua kupima chumvi, alkali na amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki), na kwamba matumbawe yako uliyapata kwa hati. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite na Mombasa huruhusiwi kuokota chochote, hata kombe tupu.

Hatua ya 1: Jua kinachoua kwanza

Umeme ukikatika, watu wengi hukimbilia kufikiria taa na chujio. Matumbawe huvumilia giza la siku mbili au tatu bila madhara, na samaki mwenye afya hukaa siku kadhaa bila chakula. Kinachokwisha mapema ni oksijeni. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hushika takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita, ilhali maji yasiyo na chumvi kwa joto hilohilo hushika zaidi ya 8. Yakifika nyuzi 30, maji ya bahari hubaki na uwezo wa kushika kama 6.2 tu, wakati samaki, kwa sababu ya joto hilohilo, anahitaji zaidi. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mwani na matumbawe huacha kutoa oksijeni na kuanza kuitumia pamoja na samaki.

Kwa hiyo usimlishe samaki yeyote umeme unapokuwa umekatika, na usipoteze hata wati moja ya betri yako kwa taa.

Hatua ya 2: Betri ya pampu moja tu

Chagua pampu moja ya mkondo, yaani ile inayozungusha maji ndani ya tangi, inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, ielekeze juu ili ivunje uso wa maji, na uiache hiyo peke yake ndiyo iokoe tangi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa Ah (saa-ampea) 100 ina Wh (saa-wati) 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, tumia nusu yake tu ili isiharibike, yaani Wh 600. Pampu ya wati 10 itakwenda saa 60 kwa hesabu ya karatasi, na mimi huhesabu 45 kwa kuwa betri huzeeka.

Sipendi kupitisha umeme huo kwenye inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Inverta nyingi za nyumbani hula wati 10 hadi 20 kwa kuwashwa tu, kumaanisha kwamba unaweza kutumia umeme mwingi kuiendesha inverta kuliko kuiendesha pampu. Jenereta siipendi kabisa, kwa sababu inahitaji mtu awepo kuiwasha. Usiku wa 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, mimi nilikuwa ugenini Malindi. Tangi langu liliokolewa na pampu ndogo ya hewa yenye betri ndani yake, ile inayojiwasha yenyewe umeme unapopotea. Niliporudi kesho yake niliikuta ingali inanguruma nyuma ya kabati. Nunua mbili.

Hatua ya 3: Joto

Nairobi mwezi wa Julai tatizo ni baridi, na dawa yake ni kulifunika tangi kwa mablanketi pande zote na kuacha nafasi ya hewa juu. Pwani tatizo ni kinyume chake, hasa majira ya kaskazi, ambapo chumba kilichofungwa hufika nyuzi 32 kabla ya adhuhuri. Tumbawe likikaa katika joto lililopita nyuzi 30 kwa siku kadhaa hupauka, kama zilivyopauka kuta za miamba yetu mwaka 1998.

Feni ndogo ya volti 12 inayopuliza uso wa maji hufanya kazi kuliko barafu, na hesabu yake ni hii: lita moja ya maji ikivukizwa kutoka kwenye tangi la lita 200 hupunguza joto kwa karibu nyuzi 3, ilhali chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa hupunguza chini ya nyuzi moja. Kinachovukizwa ni maji peke yake na chumvi hubaki, kwa hiyo rudishia kwa maji yasiyo na chumvi.

Hatua ya 4: Mafuriko

Kama una tangi la pili chini ya kabati, pampu ya kurudisha maji juu ikisimama, maji ya tangi kubwa hushuka humo. Izime pampu hiyo sasa hivi, ukiwa umesimama hapo, na utazame tangi la chini linajaa kufikia wapi. Likifurika, toboa tundu la milimita 5 kwenye paipu ya kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mfyonzo. Kila Jumamosi lichunguze tundu hilo, maana konokono hulipenda.

Hatua ya 5: Maji ya siku ya kuhama

Andaa maji mapya yanayotosha angalau nusu ya tangi, na uyatangulize katika nyumba mpya siku moja kabla. Mimi nateka maji ya bahari badala ya kununua chumvi ya pakiti, na sitabadilisha msimamo huo maadamu naishi pwani. Hata hivyo, nateka wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, mbali na mlango wa kijito, wala siteki wakati wa masika, kwa kuwa mvua hushusha chumvi na kuleta uchafu wa mitaroni. Yachuje kwa kitambaa kizito, uyaweke gizani wiki moja, kisha uyapime: unatafuta chumvi ya gramu 35 kwa kilo, na joto linalolingana na la tangi.

Hatua ya 6: Mchanga

Hapa ndipo nilipoharibikiwa. Nilikuwa nimesikia kwamba mchanga wa zamani una bakteria wazuri na kwamba haufai kukauka wala kuoshwa, na nikaitii kauli hiyo kwa uaminifu. Niliuchota wote, sentimita 8 za kina zilizokaa miaka minne, nikautia katika ndoo tatu pamoja na maji kidogo, nikafunga vifuniko, na ndoo zikakaa juani nyuma ya pikapu kwa saa tano huku mahamali wakihangaika na kabati. Jioni niliumimina ndani ya tangi, nikaongeza maji, nikaweka mawe, na kwa sababu giza lilikuwa linaingia nikawatia samaki baada ya saa moja tu. Kulikuwa na harufu ya yai bovu, nami nikadhani ni ya mitaro ya mtaa mpya.

Saa nne usiku maji yalikuwa meupe kama tui. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, "Baba Salma, mbona samaki wote wako juu?" Walikuwa wamepanga midomo kwenye uso wa maji, na kangaja alikuwa tayari amelala ubavu. Kipimo cha amonia kilionyesha zaidi ya miligramu 2 kwa lita. Hadi saa tisa nilikuwa nabeba mitungi ya maji.

Maelezo yake ni haya. Chini ya mchanga wa kina hakuna oksijeni, na bakteria wa huko hutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari na kutoa haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo harufu ile ya yai bovu na ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Mchanga ukiwa umetulia, gesi hiyo humalizwa njiani kabla ya kufika juu. Ukiuchota, unaitoa yote kwa mara moja, pamoja na kinyesi na mabaki ya chakula ya miaka minne, na takataka hizo zikikutana na maji mapya huila oksijeni yake. Juu ya hayo, bakteria wazuri wa tabaka la juu wanahitaji oksijeni, kwa hiyo ndani ya ndoo iliyofungwa juani hufa na kuoza wenyewe. Nilichokuwa nikikilinda ndicho kilichokuwa kikigeuka sumu.

Siku hizi nafanya hivi. Mchanga wote wa zamani nautupa, isipokuwa kikombe kimoja ninachokichota juu kabisa kabla ya kuvuruga chochote. Bakteria wengi wanaosafisha amonia wamo ndani ya mawe, si mchangani, kwa hiyo hupotezi kitu kikubwa ilimradi mawe hayakauki. Kama huwezi kununua mwingine, uoshe kwa maji ya bahari, kidogo kidogo katika ndoo, mpaka maji yatoke yakiwa safi. Shemeji yangu alichoka ndoo ya kumi na moja, nami nikamwambia tutupe. Mchanga wa kina cha sentimita mbili na usiotimiza mwaka unaweza kuoshwa mara tatu ukatosha. Kwa hali yoyote, usiurudishe siku ya kuhama. Tangi likae tupu chini kwa wiki mbili, kisha umimine mchanga mpya kwa paipu inayofika sakafuni, robo kwa siku. Ukiwa na jongoo bahari, mtoe kabla ya kila kitu na umsafirishe katika ndoo yake peke yake, kwa maana akisumbuliwa sana anaweza kuachia sumu inayoua tangi zima.

Hatua ya 7: Kufungasha na njiani

Toa matumbawe kwanza, kisha mawe, na samaki mwisho, wakati maji yamebaki sentimita 15 na hawana pa kujificha. Tumia maji ya juu, yaliyo safi, kujazia ndoo kabla hujavuruga chini. Mawe yafunikwe maji. Kwa safari ya chini ya saa mbili, magazeti yaliyoloweshwa maji ya tangi yanatosha. Tangi lisibebwe hata likiwa na inchi moja ya maji.

Kwa mwendo mfupi kama wa Mtwapa, ndoo yenye kifuniko na pampu ya hewa ya betri ni bora kuliko mfuko. Kwa wanaokwenda Nairobi, karibu kilomita 480, mfuko wenye oksijeni ni wa lazima, ila kuna mtego. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ukaa anayotoa samaki hushusha pH, yaani huyafanya maji yawe na asidi zaidi, na amonia hukaa katika hali isiyo kali. Ukiufungua mfuko na kuanza kudondoshea maji polepole kwa saa nzima, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia hiyohiyo hugeuka kuwa sumu. Kwa hiyo linganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, hakikisha mapema kwamba chumvi ya tangi inalingana na ya mfuko, kisha uufungue mfuko, umkamate samaki kwa wavu na umtie tangini. Maji ya mfuko yamwage.

Hatua ya 8: Kuunganisha upya

Pima usawa wa meza kwa timazi ya maji kabla ya kuweka tangi. Kisha mawe, maji, pampu ya mkondo, halafu matumbawe, na samaki baada ya kipimo cha amonia kuonyesha sifuri kwa saa mbili mfululizo. Wakisubiri ndani ya ndoo yenye hewa hadi usiku wa manane, wacha wasubiri.

Chujio la mkebe, yaani lile lililofungwa kwenye chombo nje ya tangi, lililosimama zaidi ya saa mbili, iwe kwa kuhama au kwa umeme kukatika, lisiwashwe kabla ya kumwaga maji yake na kuosha sponji kwa maji ya bahari. Maji yaliyolala humo hayana oksijeni, na ukiliwasha unayasukuma yote kwa samaki.

Hatua ya 9: Siku kumi za kwanza

Pima amonia asubuhi na jioni. Badilisha robo ya maji ikigusa miligramu 0.25 kwa lita, bila kungoja kesho. Taa ziwe nusu ya nguvu kwa saa nne siku ya pili, na uongeze saa moja kila siku. Chakula kianze siku ya tatu, kidogo sana. Kangaja wa shemeji alikataa mwani siku ya tatu na ya nne, akaula wote siku ya tano kabla hatujautoa mkono majini.