Mbwa akiokota bunju ufukweni, mbadilishie kwa dagaa

Leo alfajiri maji yamekupwa kabisa hapa Kigamboni, mbwa wangu mdogo akachomoa kichwa kwenye mwani na bunju mdomoni, yule samaki wa sumu anayejifurisha tumbo, mkavu kama kifuu, tumbo bado limefura. Usimkimbize, wala usimvute samaki. Mbwa akifukuzwa huona unamnyang'anya chakula, naye humeza upesi. Simama, chuchumaa, msogezee dagaa mkavu puani, kisha dondosha wengine watatu wanne mchangani kando yako. Hawezi kula bila kuachia alichoshika. Akiinamia dagaa tu, mkanyage bunju kwa kiatu, mfunge mbwa kamba, ndipo umfukie samaki chini sana. Dagaa wa kunuka hasa ndio wanaofaa. Biskuti haishindi harufu ya ufukweni. Na usidharau bunju kwa kuwa amekauka: sumu yake, iliyo nyingi zaidi kwenye ini na mayai, haiondoki kwa jua wala kwa kupikwa.

Njia hii hugoma ukiwa na mbwa wawili. Mmoja akila dagaa, mwenzake anamdaka bunju, kwa hiyo huyo wa pili mfunge kwanza. Na kama ameshameza, dagaa hana kazi tena. Mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje udenda, matapishi au miguu kulegea, maana sumu hii haina dawa ya kuiua. Daktari humsaidia kupumua mpaka imtoke mwilini.