Namna ya kuandika wasifu wa seneta wa jimbo aliyekaa bungeni miaka 64

Tumchukue Fred Risser wa Wisconsin, Marekani. Hakuna mtunga sheria wa jimbo nchini humo aliyekaa muda mrefu kumzidi.

Kwanza malizana na neno "jimbo". Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo la mbunge. Kule ni Wisconsin nzima, yenye bunge lake mjini Madison: wajumbe 99 wa baraza la chini na maseneta 33. Ukiandika "seneta wa Wisconsin" tu, msomaji atamweka Washington, kwenye Seneti ya taifa. Andika "seneta katika Seneti ya Jimbo", na eneo lake liite wilaya ya uchaguzi: ya 26.

Halafu chora jedwali: kuchaguliwa, kuapishwa, kuondoka. Risser alichaguliwa kuingia baraza la chini Novemba 1956 na kuapishwa Januari 1957. Mwaka 1962 akahamia Seneti kwa uchaguzi mdogo. Akaondoka Januari 2021. Anayetoa 1956 kwenye 2021 hupata 65, mwaka mmoja wa bure.

Kagua na majina. Baba yake, naye Fred Risser, alikuwa seneta humo humo hadi 1949, kwa chama cha Progressive. Mwana ni Democrat. "Risser" wa kumbukumbu za 1945 ni mzee. Herufi ya kati ndiyo inayowatenganisha, E. kwa baba, A. kwa mwana.

Miaka 64 haielezeki yote, kwa hiyo chagua kura moja uichambue mpaka ieleweke. Ya 2011 inafaa. Gavana Scott Walker alileta muswada wa kuwabana wafanyakazi wa umma katika majadiliano ya pamoja na mwajiri. Akidi, yaani idadi ya chini ya waliopo ili kura ipigwe, kwa miswada ya fedha ilikuwa maseneta 20, na Republican walikuwa 19. Maseneta wote 14 wa Democrat, Risser akiwemo na miaka yake 83, wakavuka mpaka kwenda jimbo jirani la Illinois ili akidi isitimie. Mpe msomaji hesabu yenyewe: 33 kutoa 14 ni 19, amepungua mmoja. Wengi huishia hapo, hadithi ikaonekana ya ushindi. Sivyo: Republican walinyofoa vifungu vya fedha, akidi ya 20 ikawa haihitajiki tena, muswada ukapita wenzao wakiwa bado Illinois.

Cheo chake kikubwa usikitafsiri neno kwa neno. Ukisema alikuwa "Rais wa Seneti", mtu atawaza Ikulu. Kazi ilikuwa kuongoza vikao, na maseneta wenyewe ndio waliomchagua. Mkenya angemwita spika.