SOMO: Kufuata sheria moja ya Torati mpaka kwenye Talmudi (jicho kwa jicho)

Wakuu, hili swali la "mbona Wayahudi hawang'oani macho wakati imeandikwa" nimelijibu mpaka nimechoka. Naliweka hapa, atakayeuliza tena namtupia linki.

1. Soma andiko, Kutoka 21:24.

2. Jua Torati ziko mbili: iliyoandikwa, na ya mdomo ambayo marabi wanasema Musa aliipokea Sinai akampa Yoshua, naye akawapa wazee, ikashuka hivyo.

3. Fungua Mishna (ile Torati ya mdomo ilipoandikwa), kitabu cha Bava Kamma kinachohusu madhara, sura ya 8. Rabi Yehuda HaNasi aliikusanya kwenye mwaka 200 hivi, kule Galilaya. Aliyeumiza mtu analipa mambo 5: hasara, maumivu, matibabu, kukosa kazi na aibu. Hasara inapigwaje? Majeruhi anachukuliwa kama mtumwa anayeuzwa sokoni, kabla alikuwa bei gani na sasa bei gani. Kukosa kazi anahesabiwa kama mlinzi wa shamba la matango, maana thamani ya mkono keshalipwa.

4. Gemara, yaani mjadala wa marabi juu ya Mishna (Mishna na Gemara pamoja ndo Talmudi), Bava Kamma 83b hadi 84a, namba ni ya karatasi, a na b ni pande zake. HAPA NDO WENGI WANAPOPOTEA. Gemara ni mabishano, sio hukumu!! Rabi Dostai anasema jicho la huyu kubwa la yule dogo, yatalinganaje, we unashangilia umepata jibu, kumbe mbele kidogo hoja inapigwa chini: alichomnyang'anya mwenzie ni kuona, basi na yeye anyang'anywe kuona, na mbona jitu likiua kijitu hatupimi urefu? Kwa hiyo usikate kipande ukaposti "Talmudi inasema". Rudi juu kidogo kabla ya Dostai ukutane na Hesabu 35:31, roho ya muuaji haipokelewi fidia, maana yake viungo inapokelewa. Na Rabi Eliezer aliyesema "jicho hasa" usimruke, Gemara inamfafanua kwamba kinachothaminiwa ni jicho la aliyeumiza.

5. Hukumu ya mwisho: vitabu vya sheria vya baadaye, cha rabi Maimonides, au Shulchan Aruch.

MASWALI

Kisu Butu: Kwa hiyo walibadilisha Biblia?
— Hatua ya 1. Andiko liko palepale.

Kisu Butu: Mi sijasoma yote, nipe kwa kifupi
— Wanalipa pesa. Haya.

Binti Mwanaisha: Mwalimu, kama ilikuwa ya mdomo, kwa nini ikaandikwa?
— Swali zuri dada. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, halafu uasi wa Bar Kokhba dhidi ya Warumi 132–135 ukazimwa vibaya, wanazuoni wakauawa na kutawanyika, ikaogopwa itapotea. Hata hivyo kukariri hakukuisha, vyuoni alikuwepo mtu kazi yake ni kuisoma Mishna kwa kichwa bila kukosea, na wenyewe walimtania ni kapu lililojaa vitabu, yaani anabeba tu ila haelewi.

Mzee wa Kariakoo: Hizo kurasa nazipata wapi bure?
— Tovuti ya Sefaria mzee wangu, ila uwe na Kiingereza. Ukitaka ratiba ya kusoma Talmudi kuna Daf Yomi, karatasi moja (pande zote mbili) kwa siku, ilianza 1923. Karatasi ni 2,711, inachukua miaka 7 na nusu hivi.

Kisu Butu: Hakuna PDF?
— 😑