Dirisha la bahari kwenye ukuta wa sebule, Ntinda, Kampala

Nilikulia Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, mkabala na kisiwa cha Wasini. Maji yakipwa tulikuwa tukienda mwambani, tunainamia vidimbwi kutazama samaki wadogo wakijificha kwenye matumbawe. Leo ni fundi umeme Kampala, na bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwangu kwa barabara. Ndiyo maana nikajenga tangi la maji ya chumvi ndani ya ukuta wa sebule.

Mara ya kwanza nilianzia sebuleni: fremu nzuri ya mbao, plasta safi, kila kitu cha macho. Nyuma, kwenye stoo, mwashi aliacha sentimita 15 tu kati ya ukingo wa tangi na linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya tundu. Wiki ya pili jiwe moja likateleza na kuegemea kioo. Nikiwa kwenye kochi naliona, nikizunguka nyuma mkono wangu unakwama begani kabla vidole havijalifikia. Siku tatu nimehangaika nalo, mwishowe nikamrudisha mwashi, tukabomoa.

Kwa hiyo anza na chumba cha nyuma. Juu ya tangi acha sentimita 50 wazi, na nyuma yake nafasi ya mtu kusimama na ndoo, angalau sentimita 80. Weka sinki na feni ya kutoa hewa, kwa sababu maji yanayovukiza huleta ukungu ukutani na chumvi hula bawaba za milango.

Kabla ya kutoboa, mwulize mwashi kama ukuta huo umebeba dari au paa. Ukiwa umebeba, tafuta mwingine. Juu ya tundu lazima kuwe na linta ya zege yenye nondo. Tangi lenyewe lisiegemee ukuta hata kidogo: lisimame kwenye stendi yake, liachane na matofali kwa sentimita moja, na pengo lifunikwe na fremu inayotoka kwa skrubu.

Langu lina urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60, yaani lita 540 likijaa pomoni. Hizo ni zaidi ya kilo 540 za maji, kisha kioo cha milimita 12 kinaongeza kama kilo 100, na mawe juu yake. Liweke nyumba ya chini, kwenye sakafu ya zege. Stendi nilichomelewa Katwe, pale mafundi wa vyuma wa Kampala walipo, nikaipaka rangi ya epoksi mara tatu kwa ajili ya kutu. Iweke sawa kwa pima maji pembe zote, halafu tandika foamu chini ya kioo.

Matundu ya mabomba hutobolewa kabla ya kuunganisha vioo. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, na iachwe wiki nzima ikauke. Lijaze tangi maji ya bomba likiwa bado nje, utandike karatasi kavu chini ya kila kiungo, usubiri siku tatu. Tone moja litaonekana hapo.

Chini ya stendi weka tangi la pili, la lita 150 hivi. Maji hufurika kutoka juu, hushuka kwa bomba, hupita kwenye kichuja povu, chombo kinachotoa uchafu kwa viputo vya hewa, na kwenye hita, kisha pampu huyarudisha. Pampu ikizimika, maji ya juu huendelea kushuka mpaka usawa wa tundu la kufurikia. Basi chini lazima pabaki nafasi ya kuyapokea. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa na bomba lisiendelee kunyonya maji kuyarudisha chini. Usikisie: zima swichi makusudi mara tano, ukitazama maji yanaishia wapi.

Hapa Kampala umeme hukatika, na hili ndilo ninalolisisitiza kama fundi. Samaki huanza kufa kwa kukosa hewa kabla ya kufa kwa baridi. Pampu ndogo ya kuzungusha maji iwe kwenye inveta na betri yake, hata kama hita na taa vimezimika. Saketi nzima ipite kwenye kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme ukivuja. Kila waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi.

Maji ya bomba hayafai yalivyo. Yapitishe kwenye chujio la osmosisi, lenye utando mwembamba sana, na la resini, chembe zinazonasa chumvi iliyobaki, mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0. Kama maji yako yanatoka kwenye tangi la juu ya nyumba, kumbuka mita 10 za kimo ni bar 1 tu, na chujio linataka kama bar 4, kwa hiyo nunua pampu ya kuongeza msukumo.

Jirani mmoja aliniambia nichukue chumvi ya Katwe, yaani ziwa la Katwe kule Kasese, ni rahisi na ni ya kwetu. Chumvi ile ina kabonati na salfeti nyingi, haina uwiano wa bahari. Ya mezani nayo haina kalsiamu ya kutosha. Nunua ya akwariamu, gramu 36 hadi 38 kwa lita, uikoroge kwa pampu kwenye pipa siku nzima, mpaka refraktomita, yaani kipimo cha chumvi, isome 35 kwa elfu. Joto liwe nyuzi 25 au 26. Usiku wa Kampala hushuka chini ya hapo, hita ni lazima.

Panga mawe makavu moja kwa moja juu ya kioo, kisha ndipo mchanga, vinginevyo samaki wakichimba yataporomoka. Tumbukiza uduvi mmoja uoze na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria watageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, kazi ya wiki nne hadi sita. Pima mpaka amonia na nitriti zisome 0.

Kisha konokono, kisha jozi ya samaki waliozalishwa kwenye matangi. Baada ya miezi kadhaa weka matumbawe laini kama Sarcophyton. Matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yanataka vibali, na nakusihi usivunje hata kipande cha mwamba wa pwani kukiingiza kwenye basi la Kampala.

Maji yakipungua, ongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachovukiza ni maji peke yake. Mimi nimechora alama kwa kalamu kwenye tangi la chini, na kila asubuhi kabla ya chai binti yangu hujaza mpaka hapo, kama lita 6.