Somo: Kupanda mparachichi kwa kokwa na kuubebesha Hass nyumbani Nairobi

Ninaandika somo hili ili kila anayeniuliza nimwelekeze hapa, maana swali ni lile lile kila juma: "Nimekula parachichi tamu la aina ya Hass, nikipanda kokwa lake nitavuna Hass?" Hutavuna. Maua ya mparachichi mara nyingi huchavushwa na miti mingine, kwa hiyo kila kokwa hubeba mchanganyiko wake, na mti utakaoota unaweza kuzaa matunda mazuri, ya nyuzi au ya majimaji, nawe hutajua mpaka umengoja miaka 5 hadi 10, pengine zaidi. Kokwa lipande kwa ajili ya mizizi. Aina unayoitaka utaibebesha, yaani utaunga kijitawi chake, juu ya mizizi hiyo, na mti uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4.

Tafuta parachichi la kienyeji lililochumwa mtini. Lililookotwa chini liache, kwa sababu huenda limebeba vimelea vya ugonjwa wa kuoza mizizi. Osha kokwa, bambua ganda lake la kahawia, kisha ulipande mapema, kwani likikauka hufa. Wenye vitalu huliloweka kwa dakika 30 katika maji ya nyuzi 49 hadi 50 za Selsiasi ili kuua vimelea hivyo. Kama huna kipimajoto, usibahatishe, utalipika.

Changanya udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza vizuri, ujaze mfuko mrefu wa miche wenye matundu chini. Upande bapa wa kokwa ukae chini na ncha ichungulie juu ya udongo. Uweke mfuko kwenye kivuli chepesi, umwagilie udongo unapoanza kukauka. Mche hutokeza baada ya wiki 4 hadi 8, na baridi ya Juni na Julai huuchelewesha.

Sasa kubebesha, ambako miche mingi ya watu hupotelea. Ngoja shina lifikie unene wa penseli. Kikonyo, yaani kijitawi cha kubebesha, kikate kwenye ncha ya tawi la Hass linalozaa, chenye unene sawa na shina lako, na macho yake yawe yamevimba bila kufunguka; yakishafunguka umechelewa. Punguza majani mara moja, ubakishe vishina vifupi vya majani tu. Likate shina kichwa, ulipasue katikati kwa kina cha sentimita 3 hivi, kisha uchonge mguu wa kikonyo pande mbili kama kabari, kwa mkato mmoja mmoja wa kisu kikali kilichosafishwa kwa spiriti, pasipo kukwaruza. Utazame mkato: kati ya gome na mti kuna mstari mwembamba wa kijani wenye utelezi, na huo ndio unaoungana. Mstari wa kikonyo lazima ukutane na mstari wa shina, walau upande mmoja; ukikiweka katikati huku kikonyo ni chembamba kuliko shina, mistari haikutani, nacho kitakaa kijani siku kadhaa kikuhadae, kisha kikauke. Usiguse mkato kwa vidole, wala usiuache wazi ukinyauka huku unatafuta mkanda. Funga kwa mkanda wa plastiki kuanzia chini kwenda juu, ukikaza, kisha ufunike kikonyo kwa mfuko mdogo angavu na urudishe mche kivulini. Usiufungue kila asubuhi kukagua. Macho yakianza kuchipua, kwa kawaida baada ya wiki 3 au 4, ondoa mfuko taratibu, na kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo uling'oe, maana hilo ni la kienyeji na litamshinda mgeni nguvu.

Hamishia shambani mwanzo wa mvua, Machi au Oktoba, katika shimo la sentimita 60 kila upande, kiungo kikiwa juu ya udongo.

MASWALI

Mkazi wa Kayole: Mwalimu, kokwa langu ni la Hass ya supamaketi. Je, litazaa Hass?

Jibu: Soma aya ya kwanza.

Mama wa Umoja: Kokwa langu nimelichoma vijiti vya meno nikaliweka kwenye glasi ya maji. Ni vibaya?

Jibu: Litaota, dada, ila mizizi iliyozoea maji hukatika kwa urahisi ukiihamisha. Lihamishie kwenye udongo mapema, mizizi ikiwa bado mifupi.

Fundi wa Githurai: Vikonyo vyangu vyote vimekauka. Wewe ulituambia vitashika.

Jibu: Sikusema vyote vitashika. Hukutueleza vilikatwa lini, macho yalikuwaje, wala mkato ulifungwaje, na bila hayo siwezi kukusaidia. Rudia aya ya kubebesha kwanza.

Mwanafunzi, Kabete: Mwalimu, na Hass wa kwanza alitoka wapi, ikiwa kokwa halirithishi?

Jibu: Umeuliza vizuri. Alitoka kwenye kokwa! Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta huko California, alipanda makokwa miaka ya 1920 akikusudia kuyabebesha aina ya Fuerte. Mche mmoja ukakataa kubebeshwa, akauacha ukue, na matunda yake yakawa haya. Aliusajili kwa hataza mwaka 1935, na kila Hass duniani ametokana na vikonyo vya mti huo. Mti wenyewe ulikufa kwa kuoza mizizi, ukakatwa mwaka 2002.

Mkazi wa Embakasi: Udongo wetu ni ule mweusi, mvua ikinyesha maji yanasimama. Nifanyeje?

Jibu: Usichimbe shimo, litakuwa bwawa. Inua tuta pana la udongo mwekundu na samadi, upande juu yake.

Mama wa Umoja: Tena, mwalimu, mti mmoja unatosha?

Jibu: Huzaa peke yake, lakini huzaa zaidi ukiwa na mwenzake. Ua la Hass huwa jike asubuhi na dume alasiri ya siku inayofuata. La Fuerte huwa jike alasiri na dume asubuhi ya kesho yake. Kama jirani ana Fuerte, nyuki watamaliza kazi, basi msipulize dawa wakati wa maua.

Mkazi wa Embakasi: Ncha za majani zinaungua, na ninamwagilia maji ya kisima.

Jibu: Kama maji hayo yana chumvi, hiyo ndiyo sababu ya kwanza kuchunguza, kwani mparachichi hauvumilii chumvi. Kinga maji ya mvua.

Mwanafunzi, Kabete: Nikikata vikonyo Murang'a jioni, nitabebesha kesho yake?

Jibu: Ndiyo. Punguza majani hapo hapo, uvifunge kwa gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, uvitie ndani ya mfuko wa plastiki na uvikinge na jua garini. Andika jina la aina juu ya kila fungu, kwa kuwa vikishakosa majani, Hass na Fuerte huwezi kuvitofautisha.