Shokapu za Mbele Zinazovuja: Kubadilisha Sili kwenye Pikipiki ya Zamani

Kandamiza usukani mara tano huku umeshika breki ya mbele, kisha pitisha kidole kwenye bomba la kromi. Kikitoka na utando mwembamba tu, hakuna tatizo, kwani sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke, inahitaji mafuta kidogo mdomoni isijikwangue. Kikitoka na tone, au ukiona mchirizi ulioshuka hadi kwenye ekseli, sili imeshindwa kazi.

Lakini usiilaumu sili peke yake. Kwenye pikipiki ya miaka arobaini au hamsini, sili inayovuja mara nyingi ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye kromi: vishimo vya kutu vinavyoutafuna mdomo wa mpira kila shokapu inapopanda na kushuka. Ukiweka sili mpya juu ya vishimo hivyo, jiandae kufungua tena baada ya siku chache.

Maelezo haya yanahusu shokapu za bomba ndani ya bomba zenye fimbo ya matundu katikati, kama zilivyo pikipiki nyingi za Japani tangu miaka ya 1970. Triumph na BSA nyingi za Uingereza za miaka ya 1960 zimejengwa tofauti. Sili zao hukaa ndani ya kofia yenye nyuzi za kukazia inayofungwa juu ya mguu (bomba nene la chini ambamo bomba la kromi huingia), na kofia hiyo hufunguliwa kwa kifaa chake maalumu. Ukiing'ang'aniza kwa koleo la bomba utaiharibu. Hata hivyo, sehemu ya kukagua na kusafisha bomba inawahusu wote.

Jaribu kwanza bila kufungua

Wakati mwingine ni chembe ya mchanga tu iliyonasa chini ya mdomo wa sili. Inua mpira wa vumbi. Kata utepe wa plastiki nyembamba na laini (kipande cha filamu ya zamani ya kamera kinafaa sana) na ukikate ndoano ndogo upande mmoja. Uingize kati ya sili na bomba, uzungushe bomba zima, kisha uvute juu. Uchafu utatoka pamoja na ndoano. Rudia mara mbili, futa, na uendeshe siku moja. Ikivuja tena, mpira umekauka au umechanika, na kazi kamili haiepukiki.

Vitu vya kuandaa

Nunua sili mbili hata kama unavuja upande mmoja. Za upande wa pili zina umri uleule. Soma namba zilizochapwa kwenye sili ya zamani, kwa mfano 35-48-11: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na kimo, vyote kwa milimita. Usiagize kwa jina la modeli pekee, maana pikipiki iliyopita mikononi mwa watu wengi huenda ina shokapu za pikipiki nyingine. Pima bomba kwa vernia.

Vingine ni washa mbili za shaba za bolti ya chini, mafuta ya shokapu lita moja, msasa wa maji namba 600, 1000 na 2000, dawa ya kusafishia breki, gundi ya nyuzi za bolti ya nguvu ya kati, sindano kubwa yenye mpira mrefu, na kipande cha bomba la PVC kinachopita juu ya bomba la kromi bila kulibana.

Hatua ya 1: Legeza kabla ya kuinua

Pikipiki ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake, legeza bolti za kibano cha juu, kile kinachoshika shokapu chini ya usukani. Halafu legeza vizibo vya juu nusu zunguko. Mpangilio huu si wa hiari: kibano kikiwa kimekaza, kinaminya nyuzi za kizibo na unaweza kuziharibu. Kama kuna vali ya upepo juu ya kizibo, toa upepo wote kwanza. Usifungue kizibo moja kwa moja, springi iliyo chini yake imebanwa.

Hatua ya 2: Gurudumu na breki

Weka stendi ya kati na jeki chini ya injini hadi gurudumu la mbele lielee. Toa kebo ya spidomita, kalipa, ekseli, gurudumu na madigadi. Kalipa ining'inize kwa waya kwenye fremu, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ingiza kipande cha ubao kati ya pedi, kwa sababu mtu akiminya breki kwa bahati mbaya pistoni itasukumwa nje, na hapo utakuwa na kazi mbili.

Hatua ya 3: Bolti ya chini

Hapa ndipo wengi hukwama. Chini ya mguu, ndani ya tundu, kuna bolti ya spana ya L inayoshika ile fimbo ya matundu. Ilegeze sasa, springi ikiwa bado ndani, kwa sababu springi ndiyo inayoizuia fimbo isizunguke. Ukishatoa springi, bolti na fimbo huzunguka pamoja na hakuna kinachofunguka.

Safisha uchafu ndani ya kichwa cha bolti kwa msumari kabla ya kuingiza spana, vinginevyo spana itakaa nusu na kichwa kitaharibika. Impakti (mashine ya kufungulia bolti kwa mapigo) ya umeme au ya upepo ndiyo njia bora: mpigo wa haraka hulegeza bolti kabla fimbo haijapata muda wa kuzunguka. Kama huna, mwenzako akandamize shokapu kwa uzito wake wote wakati wewe unafungua. Bado inazunguka? Toa kizibo na springi, chonga ncha ya mpini wa ufagio, uingize kwa juu na uugonge hadi ushike mdomo wa fimbo, kisha mtu aushikilie.

Hatua ya 4: Kutoa miguu na mafuta

Pima kwa rula bomba limechomoza milimita ngapi juu ya kibano cha juu, na uandike. Legeza kibano cha chini, zungusha bomba kushoto na kulia huku ukivuta chini. Likigoma, nyunyizia mafuta ya kupenya. Bomba lisibanwe kwenye jiriwa bila mbao au mpira.

Fungua kizibo huku ukikisukuma chini kwa kiganja, uso ukiwa pembeni. Toa springi, uangalie upande uliokuwa juu, na umwage mafuta kwenye chombo cheupe. Mafuta hayo yanasema mengi. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia. Yaking'aa vumbi la chuma, kuna bushi (pete inayoongoza bomba ndani ya mguu) au ukuta unaolika, na sili mpya haitadumu kwenye bomba linaloyumba.

Hatua ya 5: Kung'oa sili

Toa mpira wa vumbi na klipu ya waya. Klipu iliyoshikwa na kutu ilowekwe kwanza. Usiichokoe kwa hasira. Toa bolti ya chini kabisa.

Shokapu zenye bushi ya juu hujifungua zenyewe: vuta bomba kwa mishtuko mifupi, bushi itaigonga sili hadi itoke. Zisizo na bushi ya juu zinaachia bomba na kuiacha sili kwenye mguu. Mwagia mguu maji yanayochemka, kwani aluminiamu hutanuka na kuilegeza sili, kisha inyanyue kwa bisibisi pana lililolazwa juu ya kipande cha mpira, ukizunguka kidogo kidogo. Ukiukwaruza ukuta ambamo sili hukaa, mafuta yatapita nje ya sili, na uvujaji wa aina hiyo husumbua watu miezi kwa kuwa kila mara wanabadilisha sili ile ile.

Hatua ya 6: Bomba la kromi

Tumia muda mwingi hapa. Futa bomba kwa spiriti, kisha lipitishe ukucha kutoka juu hadi chini, pande zote. Sehemu muhimu ni ile sili inayotembelea. Kutu iliyo juu zaidi, kati ya vibano, haivujishi kitu.

Mikwaruzo midogo na kingo kali za vishimo hushushwa kwa msasa namba 1000 halafu 2000, ukilowesha kwa mafuta. Sugua kuzunguka bomba, usisugue kwa urefu wake. Mistari ya urefu inakuwa mifereji midogo ya kupitishia mafuta chini ya sili. Namba 600 ni ya sehemu yenye kutu iliyovimba tu. Kishimo kimoja au viwili vyenye kina huzibwa kwa gundi ya epoksi: safisha, jaza, subiri ikauke kabisa, kisha sawazisha hadi ukucha usikwame. Kromi ikiwa inamenyuka au vishimo vimetapakaa, epoksi ni kupoteza siku. Bomba hilo linahitaji kromi mpya au kubadilishwa.

Viringisha bomba juu ya kioo. Mwanga ukionekana unacheza chini yake, limepinda, na bomba lililopinda hula sili upande mmoja.

Hatua ya 7: Kufunga sili mpya

Osha kila kitu hadi kitambaa kibaki cheupe. Rudisha fimbo na bomba ndani ya mguu, funga bolti ya chini kwa washa mpya ya shaba na tone la gundi ya nyuzi. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kitakachosema toki, yaani nguvu ya kukazia. Nyingi za bolti hizi za milimita 8 huangukia karibu na Nm 20.

Funika ncha ya bomba kwa mfuko mwembamba wa plastiki uliopakwa mafuta, ili ukali wa ncha usichane mdomo wa sili. Shusha sili maandishi yakiwa juu, upande wenye springi ndogo ukitazama chini kwenye mafuta. Weka sili ya zamani juu yake kama kinga, kisha gonga kwa bomba la PVC, sawasawa pande zote. Sauti ikibadilika kuwa nzito, imefika. Uthibitisho ni mfereji wa klipu: ukionekana wote, sili imekaa. Klipu ikikataa upande mmoja, sili imeingia mshazari.

Hatua ya 8: Mafuta

Shokapu nyingi za zama hizo huchukua kati ya mililita 140 na 200 kila mguu, lakini tumia kiasi cha kitabu, na utumie kile cha shokapu iliyofunguliwa na kukaushwa, ambacho ni kikubwa kuliko cha kubadilisha mafuta tu. Uzito wa 10W unafaa wengi. Honda ilipendekeza mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ATF, kwa baadhi ya modeli.

Mimina, pampu bomba mara kumi polepole kutoa hewa, kisha pima kwa rula kutoka mdomoni hadi kwenye mafuta, springi ikiwa nje na bomba likiwa chini kabisa. Miguu yote miwili iwe sawa. Yaliyozidi yavute kwa sindano. Mafuta yakizidi, hewa iliyobaki juu hubanwa kupita kiasi na kuisukuma sili mpya nje.

Hatua ya 9: Kurudisha

Rudisha bomba kwenye kile kipimo ulichoandika. Kaza kibano cha chini, halafu vizibo, halafu kibano cha juu. Funga gurudumu na nati ya ekseli, lakini acha bolti za kubana ekseli zikiwa legevu. Shusha pikipiki, pampu usukani mara sita, ndipo uzikaze. Ukiruka hatua hii, miguu inabaki imevutana na bomba linaegemea sili upande mmoja.

Pedi au lainingi zilizolowa mafuta zitupwe. Diski isafishwe kwa dawa ya breki. Minya breki hadi ipate ugumu kabla ya kuondoka. Baada ya kilomita 50 futa bomba na uangalie: mstari mwembamba ni mafuta uliyopaka wakati wa kufunga, ila ukirudi baada ya kufutwa, kagua bomba upya kabla ya kununua sili nyingine.