Mtindi na Dawa za Lehemu: Kwa Watanga Tulio Ughaibuni

Tulipokuwa likizoni Tanga, nyumbani Ngamiani, mama alituandalia ugali wa moto na bakuli la mtindi mzito wenye utando wa mafuta juu. Kaka yangu, anayeishi Uingereza kama mimi, alilisogeza bakuli pembeni akisema kwamba tangu aanze kumeza atovastatini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) katika damu, ameambiwa maziwa huua nguvu ya dawa. Mama alimtazama, kisha akasema, “Mwanangu, mtindi ndio uliokukuza.”

Aliyemweleza kaka alichanganya dawa. Kalsiamu ya maziwa hushikamana na baadhi ya viuavijasumu, kama doksisaiklini na siprofloksasini, ikazuia visifyonzwe vizuri. Statini, jamii ya atovastatini, ambazo ndizo dawa za lehemu zinazotumiwa zaidi, hazina tatizo hilo. Kinachogombana nazo ni balungi, kwa kuwa juisi yake huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja simvastatini na, kwa kiasi kidogo zaidi, atovastatini, hata dawa ikalimbikizana katika damu na kuhatarisha misuli. Machungwa matamu ya Muheza hayana neno, ila danzi lihesabiwe pamoja na balungi.

Jambo linalotaka uangalifu mkubwa ni zile chupa ndogo za mtindi wa kunywa, zinazouzwa madukani Ulaya kwa ahadi ya kushusha lehemu. Hutiwa steroli au stanoli za mimea, ambazo huzuia lehemu isifyonzwe utumboni, na mtu anayepata gramu 1.5 hadi 2.4 kila siku huweza kushusha lehemu mbaya kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Hiyo ni faida ya kweli, lakini statini hushusha asilimia 30 hadi 50, pengine zaidi, kutegemea aina na kipimo, kwa hiyo chupa hizo haziwezi kushika nafasi ya kidonge. Tena maandishi madogo ubavuni mwa chupa husema wazi kwamba anayetumia dawa za lehemu azinywe chini ya uangalizi wa daktari, na kwamba hazifai kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 5. Kaka alikuwa akinywa mbili kwa siku bila kusoma hayo, na mara nyingine, nasikitika kusema, aliruka kidonge akidhani chupa inatosha.

Kwa mtindi wa kawaida, soma mstari wa mafuta yaliyoshiba (saturates), yale yanayopandisha lehemu mbaya, kwa kila gramu 100. Kwa kipimo cha Uingereza, gramu 1.5 au pungufu ni kidogo, na zaidi ya 5 ni kingi. Mtindi mzito wa Kigiriki usioondolewa mafuta huweza kuvuka kiwango hicho. Sisi tuliolelewa kwa tui la nazi huvutiwa na mtindi wa nazi tukidhani ni mwepesi kwa kuwa hauna maziwa, ilhali mafuta ya nazi mengi yake ni yaliyoshiba. Ule ulioondolewa mafuta nao mara nyingi huongezwa sukari, ingawa si sukari yote iandikwayo ni ya kuongezwa, maana maziwa yana yake ya asili. Mimi hununua mtupu wenye mafuta kidogo, nikaukatia embe mwenyewe.

Siku ile kaka alikula mtindi wa mama, nusu bakuli. Tuliporudi Uingereza alibandua karatasi ya ile chupa, akaitia ndani ya pakiti ya vidonge vyake ili aende nayo kwa daktari.